Kuzipima Habari Kabla ya Kuzipokea
Somo kwa wainjilisti, waalimu na wasomaji wote wa sharika za Bukoba na Muleba



Zamani za babu zetu habari ilikuja kwa miguu. Mtu alitoka Kamachumu akafika Maruku, akaketi, akapewa maji, ndipo akasema aliyoyaona. Naye aliyemsikia alimjua: aliujua ukoo wake na kibanja chake, na kama ni mtu wa kweli au mtu wa maneno mengi. Siku hizi habari huja kwa gazeti, kwa redio, na zaidi kwa simu ya mkononi. Nasi hatumjui aliyeileta. Basi ile kazi ya kumjua mleta habari, iliyokuwa nyepesi kwa wazee wetu, imekuwa nzito kwetu, nayo haifanyiki yenyewe.

Katika sharika nyingi mwinjilisti huulizwa baada ya ibada, “Mwalimu, jambo hili tulilolisoma ni kweli?” Jibu lake hupokewa kama ushuhuda. Akijibu ovyo, nyumba nyingi zitakosea pamoja naye. Kwa ajili hiyo tumeandika somo hili, ili kila mmoja ajue namna ya kulipima gazeti, redio, au tovuti ya habari: imeelemea upande gani, na yafaa kuaminiwa kiasi gani.

1. Kuwa na upande si kusema uongo

Twasoma katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 13, habari za wapelelezi kumi na wawili. Wote walikwenda nchi moja, kwa muda wa siku 40, wakayaona matunda yale yale na miji ile ile yenye ngome. Juu ya hayo hawakuhitilafiana. Walihitilafiana juu ya maana yake. Na hofu ya wale kumi ikawafanya wawaone wenyeji wa nchi kuwa wakubwa kupita kiasi, hata taifa zima likalia usiku kucha.

Hapo twajifunza kutenga mambo mawili. La kwanza ni tukio: jambo lililotendeka, mahali pake, siku yake na hesabu yake. La pili ni hukumu: yale ambayo mwandishi ataka tuyafikiri juu ya tukio hilo. Gazeti likisema kwamba chama fulani kilifanya mkutano mjini Bukoba siku ya Jumamosi, hilo ni tukio. Likisema kwamba mkutano ulifana, au ulidorora, hiyo ni hukumu. Hata picha huhukumu: mmoja husimama mbele ya jukwaa palipojaa watu, mwingine husimama kwenye pembe iliyo tupu, na kila mmoja hupiga picha ya kweli.

Basi anayetaka kujifunza na atwae kalamu, apige mstari chini ya kila neno la hukumu katika habari anayoisoma. Kisha asome yaliyobaki bila mstari. Yakibaki mengi, habari hiyo ina mwili. Yakibaki machache, ni nguo tupu.

2. Mwulize mwenye chombo

Hakuna gazeti linalochapwa bila fedha, wala redio inayonena bila mtambo. Mwenye fedha ana nia, na nia hiyo hujulikana. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, likatolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza. Ndani yake msomaji alipata mafunzo mengi mema, lakini hakupata lawama juu ya serikali iliyolilipia karatasi. Mwaka 1937 Erica Fiah, Mganda mwenye duka katika Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu ili Waafrika waseme mambo yao wenyewe. Aliyesoma moja tu katika hayo mawili aliona nusu ya nchi.

Tena tusidhani kwamba magazeti ya misheni hayakuwa na upande. Pwani na Bara, gazeti la misheni ya Kilutheri lililoanza mwaka 1910, liliandikwa chini ya utawala wa Wajerumani, na waliolitoa walikuwa Wajerumani. Hata karatasi hii unayoisoma ina mwenyewe, nayo yapasa kupimwa kwa kipimo kile kile.

Leo hali si tofauti. Uhuru ni gazeti la Chama cha Mapinduzi. Habari Leo na Daily News ni magazeti ya serikali. Mengine ni ya watu binafsi na makampuni, nao wana biashara zao na rafiki zao. Kuyajua hayo si kuyakataa magazeti hayo. Ni kujua pa kuongeza uangalifu: usome polepole pale ambapo habari yagusa masilahi ya mwenye chombo. Gazeti la chama laweza kukueleza barabara siku ya mkutano wa chama; lakini ukitaka kujua kasoro za chama hicho, usiishie hapo. Na gazeti la wapinzani wake, vivyo hivyo.

Wakulima wa kahawa wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Ukisikia kwa mnunuzi wa butura kwamba mwaka huu bei itaanguka, nawe kahawa yako ingali mtini, huanzi kwa kuuliza habari za masoko ya Ulaya. Waanza kwa kuuliza, “Nikisadiki neno hili, nani atapata faida?” Swali hilo hilo walifaalo kahawa, lalifaa gazeti.

3. Mwulize shahidi yuko wapi

Torati inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya neno kuthibitika. Habari njema humtaja aliyeona, au hati iliyosomwa, au ofisi iliyosema, hata msomaji akitaka aweza kufuata njia hiyo mwenyewe. Habari dhaifu husema “inasemekana”, “wengi wanaamini”, “mtu wa karibu”, kisha haifiki kwa mtu yeyote.

Mwezi wa Agosti mwaka 2017 Shirika la Utangazaji la Taifa, TBC, lilitangaza kwamba Rais Donald Trump wa Marekani amemsifu Rais John Magufuli. Habari ile ilitoka katika intaneti, nayo haikuwa ya kweli. Wafanyakazi tisa wa shirika wakasimamishwa kazi. Angalieni, ndugu zangu: hao walikuwa watu wa kazi hiyo, wenye vyombo na simu za kuulizia. Walakini habari ilikuwa tamu, na habari tamu haiulizwi shahidi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2021 gazeti la Uhuru liliandika katika ukurasa wa kwanza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kugombea urais mwaka 2025. Chama chenyewe kikakana kwamba Rais hakusema hivyo, kikawasimamisha wakuu wa gazeti; na serikali ikaifunga leseni yake kwa siku 14. Hapo pana fundisho la ajabu: gazeti la chama lilikosea juu ya mwenyekiti wa chama hicho hicho. Basi ukaribu na nyumba si uthibitisho wa kuyajua yaliyomo ndani. Shahidi aulizwe hata kwa gazeti lililo rafiki.

Tena habari inayosafiri hunenepa njiani. Sisi wa Muleba twajua. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka bila kujizuia, na hali hiyo ikawaenea wengine, hata wakawa 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Mambo hayo yakafika Nshamba na mahali pengine. Leo ulimwengu husimuliwa kwamba watu wa kwetu walicheka mfululizo kwa miezi mingi, kana kwamba ni jambo la mzaha. Lakini madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walisema mengine: kicheko kilikuja kwa vipindi vya dakika chache au saa chache, pamoja na kilio na hofu, nacho kwa mtu mmoja hakikuzidi siku 16. Miezi mingi ilikuwa ya kuenea kwake kutoka kwa huyu hata kwa yule. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila msimulizi aliongeza kidogo. Dawa yake ni kurudi kwa aliyeandika kwanza.

4. Tenga kosa la haraka na kosa la makusudi

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Asubuhi ile ilitangazwa kwamba watu 26 wameokolewa. Mwisho ikajulikana kwamba walionusurika ni 24, na 19 wamefariki. Je, waliotangaza kwanza walikuwa waongo? Sivyo. Walisema waliyoyajua saa ile, huku wavuvi na askari wangali majini. Baadaye wakatangaza hesabu iliyo sahihi.

Hiki ndicho kipimo kikubwa kupita vingine: chombo cha habari hufanya nini kikijua kwamba kimekosea? Kilicho cha kweli husahihisha waziwazi, kikitaja kosa lake. Kisicho cha kweli hunyamaza, au huiondoa habari usiku, asubuhi kikatenda kama hakikusema neno. Nacho kipimo cha pili ni ndugu yake: je, chombo hiki husema kweli hata pale kweli inapomwumiza mwenyewe au rafiki zake? Ukiona gazeti ambalo kila siku adui zake wana makosa nao rafiki zake hawana hata moja, usiseme kwamba limebahatika kuwa na rafiki wema. Sema kwamba lina jicho moja.

5. Sikiliza na kimya

Upande haukai katika maneno tu. Hukaa katika yasiyosemwa pia. Pengine kimya ni cha hiari, pengine ni cha hofu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi; na mwezi wa Septemba mwaka 2025 ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Kila mwenye chombo aliyeyaona hayo hupima maneno yake. Basi usipolikuta jambo katika gazeti, usihukumu mara moja kwamba halikutendeka. Wala usihukumu kwamba limefichwa. Sema tu, “Sijapata shahidi bado.” Neno hilo si la aibu kwa mwalimu.

Lakini tahadharini: penye kimya, uvumi hujenga nyumba. Watu wakikosa habari yenye jina la mwandishi, watapokea isiyo na jina. Hapo ndipo wengi huanguka.

6. Maneno yanayowaita watu wadudu

Yako magazeti na redio ambayo hayafai kupimwa tena, ila kuachwa. Ishara yake ni hii: huacha kuzungumza juu ya matendo ya watu, huanza kuzungumza juu ya kabila lao, dini yao au asili yao, kisha huwanyima jina la mtu.

Sisi wa Kagera tumeiona ishara hiyo na matunda yake. Redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza katika Rwanda mwezi wa Julai mwaka 1993. Watu waliipenda kwa muziki wake na mzaha wake. Ndani ya mzaha iliwaita Watutsi mende, na mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili mwaka 1994 ilitaja watu na mahali pa kuwatafuta. Maiti zilielea katika mto Kagera hata ziwani. Katika siku za mwisho za mwezi ule watu wapata robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio ile, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Na hata baada ya rufani ya mwaka 2007 hakuna aliyebakiwa na kifungo kilichopungua miaka 30.

Hawakuhukumiwa kwa kushika panga. Basi asiseme mtu, “Mimi nilipitisha maneno tu.”

7. Mfano wa kujifunzia: Januari 2025

Tuutwae sasa mfano wa nyumbani, tuupime kwa vipimo hivi. Ugonjwa wa Marburg ulikuwa umekwisha kutupiga mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba, upande wa Maruku na Kanyangereko: wagonjwa tisa, na sita wakafa. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika Biharamulo na Muleba wako watu tisa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, na wanane wamekufa. Punde Wizara ya Afya ikatangaza kwamba sampuli zilizopimwa mpaka wakati ule hazikuonyesha Marburg. Kisha tarehe 20 Januari Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Ugonjwa ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi: wawili walithibitika, wanane walihesabiwa kuwa yamkini walikuwa nao, na wote kumi walikufa.

Katika siku zile sita watu waligawanyika. Wengine walisema, “Wageni wanatuchafulia jina.” Wengine walisema, “Serikali inaficha, Kagera imejaa wagonjwa.” Kila mmoja alichagua kwa upande wake, wala si kwa ushahidi. Lakini soma tena maneno madogo. Shirika lilisema “wanaoshukiwa”, halikusema wamethibitika. Wizara ilisema “zilizopimwa mpaka sasa”. Nayo haikuweza kusema juu ya sampuli ambazo hazijapimwa. Aliyeyaacha maneno hayo madogo njiani alibeba uongo, ingawa alitoa kinywani mwake majina ya ofisi za kweli. Msomaji mwenye akili angaliuliza: sampuli ni ngapi? Zilitwaliwa kwa nani, na lini? Kipimo kingine kitafanywa siku gani?

Nalo jambo lililo kubwa ni hili. Marburg huambukizwa kwa majimaji ya mgonjwa na ya maiti. Mfiwa aliyesadiki kwamba hakuna ugonjwa aliweza kuosha maiti kwa mikono mitupu, kama desturi yetu. Kwa hiyo, palipo na sauti mbili na uhai wa watu uko kati yake, mwalimu haimlazimu kuamua mara moja nani asema kweli. Yampasa kuuliza, “Nikikosea, kosa lipi litaua?” Kisha ashike njia inayolinda uhai mpaka shahidi apatikane. Kunawa mikono siku sita bure hakumdhuru mtu.

8. Pima na moyo wako

Mwisho wa vipimo vyote ni moyo wa msomaji mwenyewe. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, naye Luther katika Katekisimu Ndogo aliifafanua kwamba tumtetee jirani na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Jirani huyo ni pamoja na mtu wa chama tusichokipenda. Habari mbaya juu yake ikikufurahisha kabla hujauliza kama ni ya kweli, simama hapo. Furaha hiyo ndiyo dalili kwamba umekwisha kuacha kupima.

Kwa hiyo twawashauri waalimu mambo matatu. Kwanza, habari kubwa isomwe katika vyombo viwili visivyo na mwenyewe mmoja kabla ya kutajwa mbele ya usharika. Pili, katika makundi ya simu ya usharika, habari isiyo na jina la chombo, tarehe na mahali isipitishwe, hata ikiwa imeletwa na mzee wa kanisa. Yako mashirika ya Kitanzania yanayochunguza uvumi kwa Kiswahili, kama JamiiCheck na NuktaFakti. Kijana mmoja katika usharika na apewe kazi ya kuyaangalia. Tatu, aliyepitisha uongo asahihishe mahali pale pale alipoupitisha, kwa sauti ile ile.

Maswali ya kujifunzia pamoja

1. Twaa habari moja ya gazeti la juma hili. Tukio ni lipi, na hukumu ni ipi?
2. Chombo hicho ni cha nani? Ni jambo gani ambalo kingeona taabu kulichapa?
3. Je, mwakumbuka siku ambayo chombo hicho kilisahihisha kosa lake? Kilifanyaje?
4. Katika siku zile sita za Januari 2025, mwinjilisti wa kijiji cha Muleba angalisema nini makaburini?
5. Ni habari gani mliyoisadiki kwa sababu mlitamani iwe kweli?

Mkiisha kujibu, msiliache swali la tano kwa haraka. Katika vikundi vingi hilo ndilo lenye kazi, nalo mtu hawezi kumjibia mwenzake.